Fanta ya machungwa: Je, machungwa yako wapi?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na wanafunzi wa mwaka wa pili, tukijadili kile kiungo kidogo ambacho sote tulifundishwa shuleni kwa jina la A-unganifu: wa, ya, cha, la, vya na wenzake. Niliandika ubaoni mifano ya kawaida. Kiti cha mbao. Uji wa wimbi. Mkate wa mchele. Kisha, bila kufikiri sana, nikaongeza: Fanta ya machungwa. Nikawaambia kwamba katika mifano yote minne, nomino ya pili inatueleza kitu cha kwanza kimetengenezwa kwa nini.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Prof, una uhakika na hiyo ya nne?"

"Uhakika gani?"

"Kwamba imetengenezwa na machungwa."

Darasa likaangua kicheko. Mvulana mmoja akadakia kwamba machungwa yapo, ila ni yale yaliyochorwa kwenye chupa. Nami nikacheka, nikaufuta mfano wangu, tukaendelea na mengine. Lakini jioni, nikiwa nimekwama kwenye msongamano wa Thika Road, swali lile lilikuwa bado limenikaa kichwani. Nimefundisha A-unganifu kwa zaidi ya miaka 30. Mbona sijawahi kuuliza machungwa yako wapi?

Tuanze na sarufi, kisha twende kwenye chupa. A-unganifu ni kibarua asiyechagua kazi. Huonyesha umiliki: kitabu cha Juma. Huonyesha mahali: halua ya Lamu. Huonyesha matumizi: maji ya kunywa. Huonyesha kilichomo: gunia la mahindi. Huonyesha malighafi: kiti cha mbao. Huonyesha hata uadui, kwa sababu dawa ya mbu haitengenezwi kwa mbu wala haimtibu mbu. Na sabuni ya ndimu je? Hakuna anayetarajia kuikamua juu ya samaki.

Sasa msikilizaji anajuaje maana ipi ndiyo iliyokusudiwa? Sarufi yenyewe haimwambii. Kinachomwambia ni ujuzi wake wa dunia. Tunajua mbu ni adui, basi tunaielewa dawa ya mbu. Tunajua mafundi huunda viti kwa mbao. Pale ambapo ujuzi huo unakosekana, sikio huchukua maana iliyo karibu, na katika vyakula na vinywaji maana iliyo karibu ni malighafi. Wali wa nazi una nazi. Chai ya tangawizi ina tangawizi. Ukiikosa humo, unamrudishia mhudumu kikombe. Kwa hiyo mtu asemapo "soda ya machungwa", sikio la Mswahili lina haki ya kutarajia machungwa. Halijakosea. Limefuata desturi ya jikoni.

Historia ya Fanta, kwa bahati nzuri au mbaya, inaonyesha kwamba jina lilizaliwa kwanza na machungwa yakafuata baada ya miaka kama 15.

Kampuni ya Coca-Cola ilianza kazi Ujerumani mwaka wa 1929, na makao yake yakawa katika mji wa Essen. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, Ujerumani ilikuwa mojawapo ya masoko yake makubwa zaidi nje ya Marekani, ikiwa na viwanda zaidi ya 40 vya kujaza chupa. Msimamizi alikuwa Mjerumani aitwaye Max Keith. Shida yake ilikuwa moja: viungo vya kutengenezea shira ya Coca-Cola vilitoka Marekani, na vita vilikuwa vimefunga njia za bahari. Marekani yenyewe ilipoingia vitani Desemba 1941, tumaini lolote la kupata mzigo likazimika.

Keith alikuwa na viwanda, wafanyakazi, malori na chupa, lakini hakuwa na cha kutia ndani ya chupa. Basi wanakemia wake wakatazama kilichokuwa kinatupwa na viwanda vingine. Kulikuwa na yale maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kutengeneza jibini. Kulikuwa na makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa. Viungo vingine vilibadilika kutegemea kilichopatikana msimu huo, na utamu ulitoka kwenye sukari ya viazisukari. Kwa maneno mengine, walipika kinywaji kwa makombo. Rangi yake haikuwa hii tunayoijua, na chungwa halikuwa na nafasi humo. Ujerumani ya wakati wa vita ungeyatoa wapi machungwa?

Kikabaki kitendawili cha jina. Inasimuliwa kwamba Keith aliwaita wafanyakazi wake na kuwaambia waiachie fikra yao ipae, na kwa Kijerumani fikra ya namna hiyo, yaani uwezo wa kuwazia yasiyokuwapo, huitwa Fantasie. Muuzaji mmoja wa siku nyingi, Joe Knipp, akalikata neno hilo papo hapo: Fanta!

Sisi wa fasihi neno hilo tunalijua. Tunaliita fantasia, na asili yake ni Kigiriki. Hadithi ya fantasia ni ile ambamo wanyama husema, farasi hupaa na mtu hulala akaamka yuko chini ya bahari. Kuna pia istilahi ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ameikariri: majazi, yaani mhusika kupewa jina linalooana na tabia au hali yake. Mwandishi akimwita mlevi Machupa, hayo ni majazi. Kwa kipimo hicho Fanta ni majazi safi kabisa. Kinywaji ambacho hakikuwa na tunda la kujivunia kilipewa jina linalomaanisha njozi, na hakikudanganya mtu. Jina lilisema wazi: wazia.

Watu waliwazia. Mwaka wa 1943 ziliuzwa karibu kreti milioni 3. Si zote zilizonyweka. Sukari ilikuwa ya mgao, na familia nyingi zilikuwa zikimimina Fanta katika supu na mchuzi ili kupata utamu. Hapo nami nilipoisoma nilisita kidogo. Nilikuwa nimezoea kuiona soda kama kitu cha sherehe, si cha njaa.

Huko mitandaoni husambazwa kisa kwamba Fanta ilibuniwa na Hitler au na chama chake. Si kweli. Ilibuniwa na kampuni iliyotaka viwanda vyake visife, na Keith mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Lakini tusimsafishe kupita kiasi pia. Alifanya biashara chini ya utawala ule, akapewa na serikali ile usimamizi wa viwanda vya Coca-Cola katika nchi zilizotekwa, na biashara yake ikasitawi wakati majirani zake wengine walikuwa wakisafirishwa kwenda kuuawa. Vita vilipokwisha alikabidhi viwanda na faida kwa Wamarekani, na baada ya miaka michache Fanta ile ya kwanza ikakoma.

Mwaka wa 2015 kampuni iliadhimisha miaka 75 ya Fanta kwa kuuza Ujerumani toleo lililofanana na lile la zamani. Tangazo la video lilieleza kwamba zamani zile vitu vilikuwa adimu, mabingwa wakabuni kinywaji, na sasa wanaturudishia ladha ya siku njema zilizopita. Siku njema zipi? Watu wakahesabu: 2015 ukiondoa 75 ni 1940. Malalamiko yakafurika na tangazo likaondolewa. Ninawapa wanafunzi wangu wa isimujamii kisa hiki kila mwaka, kwa sababu hakuna neno hata moja katika tangazo lile lililokuwa tusi. Kosa lote lilikuwa katika kivumishi "njema" kuwekwa kando ya tarehe ambayo hakuna aliyeitaja.

Basi machungwa yaliingia lini? Mwaka wa 1955, na mahali ni Naples, kusini mwa Italia. Pepsi ilikuwa ikitoa ladha mbalimbali, na Coca-Cola ikahitaji kujibu. Kiwanda cha Naples kikalichukua jina lililokuwa limelala, kikalitia kinywaji kipya cha machungwa ya pale pale. Eneo hilo la Italia limejaa michungwa na milimau, na Waitaliano walikwisha kuwa na neno la kinywaji cha aina hii, aranciata, pamoja na mazoea ya kukinywa. San Pellegrino walikuwa wakiuza aranciata yao tangu mwaka wa 1932. Kwa hiyo Fanta ilipofika mezani mwa Mwitaliano ilikuta neno linaloingoja, na neno lile lilikuwa na madai yake: aranciata bila maji ya machungwa ni aibu.

Madai hayo yakawa sheria. Kwa miongo mingi Italia ilishikilia kwamba kinywaji kinachouzwa kwa jina la tunda, chungwa kwa mfano, kiwe na maji ya tunda hilo yasiyopungua asilimia 12. Mwaka wa 2018 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 20 kwa vinywaji vinavyotengenezwa kwa ajili ya soko la huko. Vuka bahari uende Marekani, kwenye makao ya kampuni yenyewe, na Fanta ya machungwa unayoipata dukani haina maji ya machungwa kabisa. Jina lile lile, rangi ile ile au inayokaribia, na picha ya chungwa. Lakini hata huko, tangu miaka ya 1990, kanuni zinasema kinywaji kikidokeza tunda kwa jina, kwa picha au kwa rangi, sharti kiseme kina asilimia ngapi ya maji ya tunda, hata kama jibu ni sifuri.

Kwa hiyo jibu la swali la yule msichana linategemea umesimama katika nchi gani. "Ya" ya Naples si "ya" ya Atlanta.

Labda msomaji anajiuliza: pasipo maji ya machungwa, ladha hutoka wapi? Swali zuri. Ladha ya chungwa tunayoijua ni mchanganyiko wa mambo matatu: uchachu, utamu na harufu. Uchachu ni asidi ya sitriki. Ndiyo asidi iliyo katika ndimu na limau, lakini ile ya viwandani hutokana na kuvu mweusi anayelishwa sukari. Njia hiyo imetumika kibiashara tangu karibu mwaka wa 1919. Utamu mnajua unakotoka. Harufu ndiyo yenye maajabu. Sehemu kubwa ya harufu ya chungwa haimo katika nyama yake, imo katika ganda. Menya chungwa karibu na moto wa mshumaa, ulikunje ganda, utaona vijitone vikiruka na kuwaka. Hayo ni mafuta, na ndani yake umejaa limonini. Viwanda vya kukamua machungwa hupata mafuta hayo kutoka kwenye maganda na kuyauza kwa watengenezaji wa vinywaji, sabuni na marashi. Hivyo soda huweza kunukia chungwa halisi huku maji ya chungwa yakiwa yameuzwa kwingine.

Turudi nyumbani. Nimezaliwa Kilifi, kwenye boma lenye michungwa saba. Msimu ukifika machungwa yalianguka usiku, puu, puu, hata mbuzi wakayachoka. Madalali walikuja na magunia na kuondoka nayo kwa bei ya kutupwa. Lakini mgeni wa heshima alipobisha hodi, mjomba kutoka Mombasa kwa mfano, au mwalimu mkuu, hakukamuliwa chungwa. Mimi nilipewa hela zimefungwa kwenye ncha ya leso, nikapewa na chupa tupu maana bila chupa huuziwi, nikapita chini ya michungwa ile ile, nikaenda kwa Mhindi kule barabarani kununua Fanta. Ya machungwa! Nilirudi nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Mgeni akinywa, sisi watoto tulisimama mlangoni tukihesabu pete za ile chupa na kuomba asiimalize. Akibakisha, tulipimiana kwa kifuniko.

Sasa nikifikiria naona haikuwa ujinga wa wazazi wangu. Chungwa lilikuwa la bure, na cha bure hakimpi mgeni heshima. Soda ilikuwa na kifuniko ambacho lazima kifunguliwe mbele yake, ithibitike haijaguswa. Ilikuwa na jina la kigeni. Tena ilikuwa na gesi, ambayo hakuna mchungwa unaoizaa. Matangazo yalijenga juu ya heshima hiyo: kuta za maduka zikapakwa rangi ya kampuni, na kreti ya soda ikawa sehemu ya posa, harusi na Krismasi mpaka leo. Hata sarufi yetu ikaipisha. Mkahawani Kenya nzima utaulizwa, "Baridi ama moto?" na hakuna mgeni kutoka ng'ambo atakayeelewa kwamba soda moto ni ile tu isiyotiwa kwenye friji. Nimeona Mwingereza mmoja akiomba radhi kwamba yeye hatumii soda iliyochemshwa.

Na tusisahau kwamba chungwa lenyewe limetutumikia katika mambo yasiyo na juisi. Mwaka wa 2005 tulipiga kura ya maamuzi kuhusu katiba, ndizi ikawa "ndiyo" na chungwa likawa "la". Kwa miaka iliyofuata, mtu aliyesema yeye ni wa chungwa hakuwa anazungumzia shamba. Neno ni neno.

Mzaha huu wa maneno una mahali unapoumiza. Marehemu mama yangu alipatikana na kisukari akiwa na miaka 68. Daktari alimwambia aache soda, ale matunda kwa kiasi na mboga kwa wingi. Mama alikuwa mtiifu. Aliacha soda nyeusi siku ile ile. Kila mwezi nilipokwenda kumtazama nilimkuta na chupa ya plastiki kando ya kitanda, kinywaji cha rangi ya machungwa cha kampuni moja ndogo ambayo sitaitaja na ambayo sijaona bidhaa zake kwa miaka mingi. Sukari haikushuka. Dawa zikaongezwa, sukari haikushuka. Muuguzi mmoja ndiye aliyewaza kumuuliza anakunywa nini.

Nilipomkabili, Mama alinitazama kama anayemtazama mtoto mpumbavu. "Mwanangu, hii si soda. Hii ni ya machungwa. Daktari mwenyewe kanambia nile matunda."

Mimi ni profesa wa lugha hii. Nilisimama pale nikakosa neno, kwa sababu kisarufi Mama alikuwa sahihi. Alikuwa ametumia A-unganifu vile nilivyowafundisha maelfu ya wanafunzi kuitumia. Maandishi ya kueleza kilichomo yalikuwapo kwenye chupa, madogo kama sisimizi, kwa Kiingereza. Mama alisoma Kiswahili vizuri, tena aliisoma Kurani kwa Kiarabu. Kiingereza hakukijua.

Baadhi ya wasomaji wataniambia tatizo ni elimu ya afya, si lugha. Nakubali nusu. Daktari naye angesema "sukari" badala ya "soda", pengine yote haya yasingetokea. Neno "soda" kwa mama yangu lilikuwa na maana finyu kuliko kwa daktari. Hilo nalo ni suala la lugha.

Tazama pia lilikofikia neno "juisi". Zamani Pwani tulisema maji ya machungwa, maji ya ndimu, au sharubati. Neno hili la mwisho tulilipata kwa Waarabu, kutokana na mzizi wao wa kunywa, na ndugu zake wako hata katika Kiingereza. Ulipoambiwa sharubati ya ukwaju ulijua ukwaju umeloekwa na mikono imechovya. Likaja "juisi", likakaa vizuri katika "juisi ya miwa", ambapo muwa unauona ukisagwa mbele ya macho yako. Kisha likateleza. Leo unga wa pakiti unaokorogwa kwenye ndoo ni juisi. Maji yenye rangi ya zambarau ni juisi. Mwanafunzi wa bweni akikuambia amekunywa juisi usimwulize ya tunda gani. Atakujibu "ya red". Sasa maji halisi ya matunda yamelazimika kutafuta jina jipya, na wauzaji wa mitaani huandika "fresh juisi" au "juisi asili" kana kwamba kuna juisi ya namna nyingine.

Sisemi soda ipigwe marufuku. Mimi mwenyewe hunywa Fanta baridi nikitoka shambani jua la saa nane, na sioni haya. Wala sisemi kampuni hii haijawahi kugusa matunda yetu. Mwaka wa 2010 Coca-Cola, pamoja na shirika la TechnoServe na wakfu wa Bill na Melinda Gates, walianzisha mradi wa kuwasaidia wakulima wadogo zaidi ya 50,000 wa Kenya na Uganda kulima maembe na karakara kwa ajili ya maji ya matunda. Ona basi: palipohitajika tunda la kweli, alitafutwa mkulima. Machungwa ya boma letu hayajawahi kutafutwa na mtu, ila dalali wa magunia.

Ninachosema ni kidogo. Kibandiko cha kinywaji kinachovaa jina au picha ya tunda kiseme, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka na mtu wa miaka 68, mambo mawili: kina asilimia ngapi ya maji ya tunda hilo, na kina gramu ngapi za sukari. Kama ni ladha tu, kiandikwe "chenye ladha ya machungwa", si "cha machungwa". Hilo "-enye ladha" linatuondoa kwenye utata wa A-unganifu. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 kwamba mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, sioni Kiingereza peke yake kinatosha vipi. Nimewahi kuambiwa na mtu wa biashara kwamba nafasi kwenye kibandiko haitoshi. Nafasi ya picha ya chungwa ilitosha. Nafasi ya kutangaza shindano la kushinda simu hutosha pia.

Tena si jambo geni. Ukivuka Namanga, utakuta bidhaa nyingi za Tanzania zinazojieleza kwa Kiswahili, tangu viambato hadi namna ya kuhifadhi, na hakuna kampuni iliyofilisika kwa sababu ya hilo. Watafsiri tunao. Istilahi tunazo: viambato, kihifadhi, rangi bandia, kirutubisho. Nyingine zimo vitabuni kwa miongo miwili zikingoja kazi.

Juzi nilirudi kwa wale wanafunzi wa mwaka wa pili. Yule msichana alikuwa amekuja na chupa tatu tupu za kampuni tatu tofauti, amezipanga juu ya dawati, na tulitumia nusu saa kusoma maandishi ya nyuma kwa zamu, vijana wakikodoa macho na mimi nikitumia kamera ya simu kuyakuza. Kisha nikagawa ubao sehemu mbili. Upande wa kushoto nikaandika tena kiti cha mbao, uji wa wimbi na mkate wa mchele. Fanta ya machungwa nikaiandika upande wa kulia, chini ya sabuni ya ndimu na dawa ya mbu.